Jumamosi za Teatri Kule Cimpunda

Mwezi uliopita nilishuka Bukavu kutoka Mudaka, ninakofundisha shule ya msingi, kwenda kumtazama mama. Goti linamsumbua siku hizi na ngazi za Cimpunda hazimwonei mtu huruma. Nilifika saa nne asubuhi. Badala ya kukata kushoto kwenye kijia cha nyumbani, nikajikuta napanda kwanza mpaka mahali pa ukumbi wetu wa zamani. Sijui kwa nini. Nilitaka tu kuuona, nigonge ukuta wake kwa kiganja, kisha niende zangu.

Nilikuta hewa tupu. Mvua za mwaka jana ziliumega mlima pale, zikachukua ukumbi, uwanja na mti wa maparachichi uliokuwa nyuma yake. Kimebaki kipande kimoja cha ukuta chenye rangi ya bluu iliyopauka, na chini yake udongo mwekundu umeshuka mpaka karibu na mabati ya watu. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo akaniuliza, "Unatafuta nini, maman?" Nikamjibu kwamba sitafuti kitu. Lakini nilipanda tena, nikashuka, nikapanda mara ya tatu, kama mtu aliyeangusha ufunguo. Yule mwanamke alinitazama, mwishowe akaingia ndani na kuvuta mlango.

Nikuambie, rafiki yangu unayenisoma, mimi si mtu wa kutulia. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka mara nne. Ila wakati wa utoto wangu kulikuwa na mwaka mmoja ambapo kutotulia huko kuligeuka kuwa ugonjwa, na ule ukumbi uliokwenda na mvua ndio ulioniponya. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Tulikaa katika safu ya nyumba nane za mbao, zimeshikana mabega kwenye mteremko. Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya tatu wanakuambia pole. Asubuhi ilianza na makelele ya bidoni, yale madumu ya maji, zikigongana tupu kwenye robine, bomba letu la mtaa, kisha kengele ya parokia, kisha akina mama wakiitana kushuka soko la Kadutu. Ziwa tuliliona kule chini kati ya mabati, bluu na kubwa, wakati sisi tulipanga foleni saa nzima kwa bidoni moja ya maji. Baba alikuwa Shabunda kwenye machimbo ya dhahabu, na alirudi mara moja kwa mwaka, akiwa na ndevu tusizozijua. Mama aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nguo zake zilinuka sambaza, nywele zake pia, na mpaka leo harufu hiyo ikinipitia sokoni, nageuza shingo kumtafuta.

Kazi zangu zilikuwa tatu: maji, kuchambua maharagwe, na kulinda mbabula. Mbabula, kwa wasiojua, ni jiko letu la makala, yaani mkaa. Unalipepea kwa kipande cha katoni mpaka mkono uchoke, na majivu yanakuingia puani. Maharagwe yanakula saa tatu juu yake. Kwa mtoto wa miaka kumi, saa tatu ni kifungo.

Nyumba iliyofuata yetu alikaa jirani pamoja na mama yake mzee, ambaye sote tulimwita koko, yaani bibi. Koko hakuweza tena kutembea. Waliamka wanamweka kwenye kigoda chake karibu na mlango, na pale alishinda akishona viraka vya safu nzima, akimkemea kila apitaye. Macho yake hayakuona tena tundu la sindano, basi aliniita mimi.

"Weye mutoto! Njoo unitilie uzi."

Nilimtilia uzi nikiwa nimesimama mguu mmoja, tayari kuondoka. Alicheka. "Hauchokake kukimbia? Miye niko na miguu mbili ya bure hapa, zako hazikae hata kidogo." Kisha alitoa kiazi cha kuchoma chini ya kitenge chake, kikiwa bado na joto, na kunipa nusu. Siku zote nusu. Nusu nyingine aliila mwenyewe polepole huku akinitazama nikimaliza yangu.

Ilikuwa kiangazi, vumbi kila mahali, mbao za nyumba zimekauka mpaka zinalia zenyewe mchana. Siku hiyo mama aliteleka maharagwe kabla ya kwenda sokoni, akaniambia, "Usitoke ku mbabula mpaka nitarudia." Nilikaa. Nilipepea. Nikasikia wenzangu kule robine wakiruka kamba na kuimba. Nikajiambia nitakwenda kidogo tu, nihesabu kuruka ishirini, nirudi. Niliruka zaidi ya ishirini.

Tulichosikia kwanza ni mtu akigonga sufuria kwa nguvu. Kisha makelele. Tulipogeuka, moshi ulikuwa umeshasimama juu ya safu yetu, mweusi na mnene, na mabati yanapasuka kwa sauti kama ya ngoma. Watu walipanda na ndoo, na mchanga, na mikono mitupu. Nyumba tano ziliungua, yetu ikiwemo. Watu wote walikuwa wametoka, isipokuwa koko. Siku hiyo baridi ya mifupa ilikuwa imemshika, hawakumweka kwenye kigoda chake mlangoni. Alikuwa ndani, kitandani.

Sikumwambia mtu kwamba niliacha mbabula. Hakuna aliyeniuliza. Mama alinikumbatia katikati ya ule umati, akirudiarudia jina langu, na mimi nilisimama kama ubao.

Tulilala wiki kadhaa katika darasa la shule ya parokia, familia tano, tumetandika vitenge kati ya madawati. Baadaye wanaume walijenga upya zile nyumba kwa mbao mpya zilizonukia msitu. Ilionekana kana kwamba mambo yamerudi. Mimi ndiye sikurudi. Shuleni nilisimama katikati ya somo, nikatoka, nikazunguka jengo, nikarudi. Mwalimu wa darasa alinichapa, kisha alichoka, akaniweka karibu na mlango ili nisisumbue wengine. Chakula nilikila nikitembea. Na mbabula nayo! Kila mama alipogeuka, nilimwaga maji juu ya makala. Chakula hakijaiva, nimeshamwaga. Mama alisimama mbele ya sufuria ya ugali mbichi na kuniangalia.

"Sasa leo tutakula nini? Maji?"

Hakunipiga. Nafikiri angenipiga ningesema yote siku ileile.

Ndipo parokia ikatangaza kwamba kila Jumamosi, siku tunayoiita posho kule kwetu, watoto wa safu iliyoungua na wengine wowote wanaotaka waje ukumbini kufanya teatri, yaani maigizo. Akina mama walicheka. "Teatri italisha nani?" alisema mmoja. Lakini mama yangu alinifunga kitambaa kichwani na kunipeleka mwenyewe, kwa sababu saa tatu za kutoniona zilikuwa kwake saa tatu za mapumziko.

Aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana aliyetoka Nyangezi kila Jumamosi na mfuko wa nguo kuukuu begani. Tulimwita Maman Mwalimu, ingawa hakuwa na mume wala mtoto. Nilitarajia atuambie tukae. Watu wote wazima waliniambia nikae. Yeye alisukuma mabenchi yote ukutani, akachukua ngoma ndogo, akasema:

"Batoto, hakuna mutu anakaa hapa. Tutembee. Maneno itakuja nyuma."

Tukatembea. Ngoma ikienda mbio, tunakwenda mbio. Ikinyamaza, tunaganda tulivyo. Tulitembea kama mtu aliyebeba bidoni, kama mtu aliyekanyaga tope, kama mtu anayemfuata mama yake asiyetaka kufuatwa. Watoto ishirini na tano tukizunguka kwenye saruji ile iliyopasuka, vumbi likipanda, jasho, vicheko. Kwa mara ya kwanza tangu moto ule, miguu yangu ilifanya ilichotaka bila mtu kunifokea. Nilirudi nyumbani nikala sahani nzima, nimesimama, ni kweli, lakini nzima.

Jumamosi zikafuatana. Tulijifunza kutoa sauti za mtaa wetu kwa vinywa tu: robine, mvua juu ya bati, majani ya muhogo, sombe, yakitwangwa, mama akigombeza. Tulipaka nyuso zetu majivu na udongo wa rangi. Mapumziko tulikunywa uji wa mtama kwenye vikombe vya bati, tukichomwa vidole. Maman Mwalimu hakutuuliza kamwe habari ya moto. Mtoto mmoja alipoanza kulia katikati ya mchezo, aliwaambia wengine waendelee, akakaa naye pembeni, akimshika tu mgongo, mpaka mtoto mwenyewe akainuka. Hakumwambia nyamaza. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima asiyesema nyamaza.

Baada ya miezi miwili akatuuliza tunataka kuwaonyesha wazazi nini. Tulinong'onezana, tukasukumana, mwisho msichana mmoja akasema, "Tuonyeshe safu yetu vile ilikuwaka." Wote wakaitikia. Tukagawana watu, kila mmoja akidai, "Njo miye," ndiye mimi: huyu mama muuza mandazi, huyu baba wa radio, huyu mlevi wa Jumapili. Ikabaki nafasi ya koko. Maman Mwalimu akazungusha macho, yakanifikia.

"Weye, utakuwa koko."

"Siwezi," nikasema.

"Sababu?"

Nikatafuta sababu yoyote. "Koko anakaaka. Miye sijue kukaa."

"Basi tutajaribu pole pole," akasema. "Leo dakika moja."

Kigoda kiliwekwa katikati. Nilikaa. Niliona mlango wa koko, kitanda cha koko, na moshi. Nikainuka kabla hata sijasikia mbao za kigoda chini yangu, nikatoka mbio mpaka kwenye mti wa maparachichi. Maman Mwalimu alinifuata. Alisimama upande wa pili wa mti, akichuna magome kwa kucha. Baada ya muda mrefu akasema kwamba Jumamosi ijayo kigoda kitakuwa palepale, na kama sitaki, kitakaa bila mtu, na watazamaji wataelewa. Hilo lilinitisha kuliko yote. Kigoda bila mtu.

Jumamosi iliyofuata akina mama waliombwa kuleta nguo za kuigizia. Walikuja wanne watano, wakakaa kwenye mabenchi ya ukutani wakitucheka. Mama yangu alipita akielekea sokoni, akasimama mlangoni na beseni lake la sambaza kichwani. Na jirani, binti yake koko, alileta kitenge. Kilikuwa cha koko mwenyewe, cha kijani chenye maua ya njano. Kilisalimika kwa sababu siku ya moto jirani alikuwa amekivaa yeye, kwenda nacho sokoni. Alinifunga kwa mikono yake, akanizungushia mabegani, akarekebisha pindo, akarudi kukaa.

Nilikaa kwenye kigoda. Kitenge kilikuwa na harufu ya viazi vya kuchoma, au labda nilijitungia. Wenzangu walipita mbele yangu, wakinisalimu, "Jambo koko," na mimi nilitakiwa kuwakemea kama alivyofanya. Nilifungua mdomo kukemea. Yakatoka mengine.

"Njo miye nilichoma koko."

Mtoto aliyekuwa akitwanga sombe ya kujifanya akaacha.

"Niliacha mbabula. Mama aliniambia nisitoke, nikatoka, nikaenda kuruka kamba. Njo miye."

Nilisema nikiwa nimekaa. Mpaka leo hilo linanishangaza. Mikono yangu ilikuwa imeshika pindo la kile kitenge na sikuweza kuinuka hata kama ningetaka. Nilimtazama jirani kwa sababu ni yeye niliyemwibia mama yake. Uso wake uligeuka kama wa mtu aliyepigwa. Akainuka, akaja, nikafumba macho nikisubiri kofi.

Alipiga magoti mbele yangu.

"Hapana, mutoto. Nisikilize. Ile siku mama alisikia baridi. Miye niliweka mbabula kando ya kitanda yake, nikafunga mulango, nikaenda ku soko. Kando ya kitanda, unasikia? Kila siku ninaona ile mbabula. Njo miye."

Kwenye benchi mama mwingine akaanza kulia. Akasema kwamba yake aliiacha nyuma ya mlango, ikiwa na moto, kwa sababu alichelewa. Mwingine akasema mtoto wake alicheza na kiberiti asubuhi ile na yeye alimficha, hakumwambia hata mume wake. Walisema mmoja baada ya mwingine, wakikatizana, wakati sisi watoto tumeganda kama ngoma imenyamaza. Safu nzima ilikuwa imebeba moto uleule, kila nyumba wa kwake, na walikuwa wakisalimiana kwenye robine kila siku.

Maman Mwalimu hakuingilia. Alisogeza tu vikombe, akamimina uji, akawapa wale wakubwa kwanza.

Nilimtafuta mama mlangoni. Alikuwa bado amesimama, beseni kichwani, mkono mmoja umelishika. Midomo yake ilitikisika kidogo. Kisha akageuka akaenda sokoni. Jioni hiyo alinipikia sambaza na mchicha wetu, lengalenga, nikala nimekaa, na usiku nililala moja kwa moja mpaka kengele.

Tulionyesha mchezo wetu Jumapili iliyofuata baada ya misa. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilikaa kwenye kigoda tangu mwanzo mpaka mwisho, nikawakemea watu kwa sauti ya koko, na watu wakacheka kwa nguvu, jirani akicheka na kufuta machozi pamoja. Nilipompa mwenzangu nusu ya kiazi, mtu nyuma kabisa akaita, "Njo yeye! Njo yeye kabisa!" Sijawahi kupewa sifa nyingine iliyoingia ndani kama hiyo.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini haikuishia hapo.

Mwezi uliopita, nilipoondoka kwenye ule ukuta wa bluu, nilimkuta mama akichambua sambaza mbele ya nyumba, mguu mbaya ameunyoosha. Nilikaa nikachambua naye. Nikamwambia ukumbi umekwenda. Akasema anajua, aliusikia usiku ule ukishuka. Nikaanza kuwataja watu. Maman Mwalimu aliolewa mbali, hakuna anayejua yuko wapi. Wenzangu wa mchezo, mmoja yuko Mwenga anachimba, mwingine Uvira, wengine sijui. Jirani tulimzika miaka miwili iliyopita. Hata Jumamosi zenyewe zilikwisha zamani, msaada wa kuziendesha ulipokatika, na watoto wa sasa wakipata mshtuko wanabaki nao majumbani kwao.

Vidole vya mama viliendelea kuchambua. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Ile siku nilirudiaka."

"Siku gani?"

"Ya moto. Saa sita nilirudia ku nyumba, nilisahauka kopo ya kupimia. Nilikuta maharagi karibu kukauka, na weye hauko. Nikaongeza maji. Nikaongeza na makala, nyingi, nikapepea mpaka ikawaka muzuri. Nikasema, mutoto iko ku robine, atarudia sasa hivi. Nikaenda."

Niliacha kuchambua, samaki mkononi. Nilihesabu haraka, kama mtu anavyohesabu akiwa na hofu. Miaka ishirini na moja.

"Mama. Na haukusema?"

"Nilikuwa pale ku mulango. Babo bote banasema. Nilifungua kinywa mara mbili." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Nikaona haya. Mutoto wangu amekaa pale, amejisema yeye peke yake, na miye muzima ninaogopa. Halafu ile usiku ulilala. Nikasema, sasa analala, ilishaisha, niache."

Nitakuambia ukweli, nilikasirika. Niliinuka, nikashuka kijia mpaka kwenye robine na kurudi. Nilifikiria ule mwaka wote, makala yaliyolowa maji, kukaa karibu na mlango darasani. Nilifikiria kwamba neno lake moja lingenitosha. Nikafika tena nyumbani nimejiandaa kusema maneno makali. Nikamkuta amekaa palepale, mgongo umepinda, sambaza zimemwagika miguuni na yeye hajaziokota.

Basi maneno makali yakaniishia. Mimi nilikuwa na Jumamosi zangu. Nilikuwa na ngoma, uji, watoto ishirini na wanne wa kutembea nao, na mwanamke wa Nyangezi aliyejua kusubiri upande wa pili wa mti. Mama alikuwa na njia ya sokoni na kurudi, na mzigo juu. Hakuna aliyempangia siku hata moja ya wiki.

Nilikaa chini. Nikamwomba anieleze tena, tangu alivyoamka asubuhi ile. Alisita, kisha akaanza: rangi ya nguo aliyovaa, bei aliyokataa, vumbi la njiani, jinsi alivyomsalimu koko kupitia ukuta wa mbao na koko akamwitikia. Alipofika kwenye makala alianza kulia, akajaribu kusimama, nikamwambia hakuna haraka. Alieleza mpaka mwisho. Mchana ukapita, tukasahau kula, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema nyamaza.